Redio Inangoja Programu Yangu

Jumatatu, tarehe 3
Asubuhi tena mbele ya laptop. Mi, fundi niliyetembea kazi nikala mishikaki ya brochette Bujumbura na samaki migebuka Kigoma, nashindwa na mustari mumoja wa amri. Programu ni ya redio ya hapa Baraka: itapiga matangazo aliyorekodi Mama Neema, mutangazaji wetu, kila moja kwa saa yake, yeye akienda hospitali ya Nundu kujifungua. Mashini ya redio iko Windows, ya zamani, haibebi vyombo vyangu vya kuunda programu. Kwa hiyo naipikia hapa kwa laptop yangu ya Linux, wapate kuila kule kwa Windows. Vipande vyote vya programu vinapita. Kiunganishi, kile cha kuvishona pamoja mwishoni, kinasema hakioni kazi ya kutoa sauti. Nikakipa maktaba ya sauti ya Linux, lile fungu la kazi zilizoandikwa tayari. Kikaitupa. Si ya Windows.

Nimemwambia Mama Neema imebaki kidogo.

Jumanne, tarehe 4
Nimepata maktaba ya Windows yenyewe. Nikaiandika mbele kabisa ya mustari, kama mukubwa wa karamu. Kosa lilelile. Nimetukana kwa Kibembe, kwa Kifaransa, kwa Lingala. Bure.

Jioni nikajisifu mbele ya batu ba sokoni kwamba imekwisha. Bakapiga makofi. Nikayapokea.

Alhamisi, tarehe 6
Aibu. Muganga wa Nundu alimwita Mama Neema tangu juma lililopita. Mutoto wake wa kwanza alitoka kwa operesheni. Hakwenda. Ananingoja mi. Maana bamama ba Lubondja, kule mulimani, bakikosa tangazo la chanjo, batashuka siku isiyo yake na batoto mugongoni. Nimemkuta Mama Neema studio anasoma matangazo amesimama, mukono kiunoni.

"Fundi, imekwisha ao haijakwisha?"

"Haijakwisha, mama. Na sijui shida iko wapi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Basi kesho utasoma weye. Mudomo unao."

Ijumaa, tarehe 7
Ameondoka asubuhi na mume wake. Nimesoma mi. Kwanza nimewaambia wasikilizaji wote kwamba ile programu niliyojisifia haitembei. Nikakosea siku ya chanjo, nikarudia. Sokoni bananiita "Bwana Imekwisha". Wana haki.

Jumapili, tarehe 9
Nimesoma kosa polepole, bila kiburi. Kumbe kiunganishi kinapita mustari mara moja tu, hakigeuki nyuma. Maktaba yangu ilitangulia kipande kinachoihitaji, kiunganishi kikairuka. Nimeihamisha mwisho. Ikaungana. Kimya, hata kosa moja.

Kazi ya dakika moja. Na mwanamke alisimama na tumbo lake kuningoja.

Nimeipeleka kwenye mashini ya redio, sikumwambia mutu.

Jumanne, tarehe 11
Mume wa Mama Neema amerudi kutoka Nundu. Wamepata binti, kwa operesheni. Wote wazima. Anasema baganga bamemgombeza mukewe sana kwa kukawia. Akawajibu ni kichwa chake kigumu. Jina langu hakulitaja.

Nimekaa studio peke yangu. Saa ya chanjo ikafika. Programu ikaamka yenyewe, sauti ya Mama Neema ikatoka, safi, bila kukosea siku. Sikugusa kitu mpaka ikaisha.