CD Ambayo Babu Hakuifunga

Jumanne, 2 Desemba

Nimefagia uwanja. Nimeosha vyombo. Nimeloweka maharage. Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Mimi ndiye niliyeiua drive ya CD kwenye laptop ya Babu.

Bibi anasema imezeeka. Si kweli. Ilikuwa inakoroma na kusoma polepole, lakini ilisoma. Niliona mtandaoni kwamba ubovu wa namna hiyo hupona ukibadilisha firmware, ile programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Nikageuza laptop, nikanakili namba iliyo chini yake, nikapakua. Ikaniuliza: hii hailingani, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Nilitaka kumfurahisha Bibi.

Leo siku ya nne. Kila CD ninayoweka inaambiwa haipo. Najichukia.

Jumatano, 3 Desemba

Mzee Kikoti alikuja asubuhi. Ndiye anayeongoza matarumbeta ya kanisani tangu Babu afariki. Jumamosi ya wiki ijayo tunasimika msalaba kwenye kaburi la Babu, na bendi inataka kupiga wimbo alioutunga mwenyewe. Lakini Babu hakuandika noti. Alimfundisha kila mtu sauti yake kwa mdomo. Sauti ya tatu aliipiga yeye, na hakuna mwingine anayeijua.

"Bila sauti ya tatu tutatia aibu," alisema Mzee Kikoti. "Marehemu atainuka atuchape."

Bibi akacheka. "CD yake ipo. Tumaini atakutolea."

Alinitazama kwa fahari. Nikasema ndiyo. Mbona nilisema ndiyo?

Ijumaa, 5 Desemba

Deki ya jirani imeandika: hakuna CD. Deki ya mchungaji: hakuna CD. Nikapanda mlima kwa miguu kutoka kwetu Ipogolo hadi mjini, kwa dada wa steshenari mwenye kompyuta ya zamani. Hakuna kitu. Akaigeuza CD kwenye mwanga.

"Ina nyimbo, mdogo wangu. Ila aliyeichoma hakuifunga, aliiacha wazi aongeze nyingine. Labda drive iliyoichoma yenyewe ndiyo itaisoma."

Nilijua ni kweli. Babu hakupenda kuifunga. Kila Krismasi aliongeza wimbo mmoja. "Bado ina nafasi," alikuwa anasema. Mimi nilipewa kazi ya kumshikia CD kwa kingo, kwa sababu vidole vina mafuta. Nilikuwa na miaka sita, saba. Nilibana pumzi nisiichafue. Chumba kilinuka dawa ya kung'arishia shaba. Nikisikia ile drive inaanza kukoroma nilijua shule imefungwa na Babu ni wangu.

Nimerudi nyumbani nateremka mlima nalia. Bahati mvua ilinyesha. Hakuna aliyejua.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimefungua skrubu moja tu. Drive ikatoka kama droo.

Kumbe ina karatasi yake yenye namba yake. Kampuni nyingine kabisa, si ile ya laptop. Ilipandikizwa. Mimi nilisoma namba ya nyumba nikadhani ni ya mpangaji.

Ndani kuna stika ya fundi wa Mbeya, ambako Babu alifundisha hadi alipostaafu. Ina namba ya simu. Nimeandika kwenye karatasi maneno ya kusema. Nimepiga, nikakata kabla haijaita. Mara mbili. Kwenye simu sauti yangu huwa inaisha.

Jumanne, 9 Desemba

Nimepiga. Nilisoma karatasi yote bila kupumua.

Fundi Ambakisye akasema, "Binti, usiniambie ulilazimisha."

"Nililazimisha, shikamoo."

Nilisahau kumwamkia mwanzoni. Alicheka hadi akakohoa. "Marahaba. Umempa mgonjwa dawa ya jirani! Kompyuta inaiona bado?"

"Inaiona. Lakini kwa jina lisilo lake."

"Basi haijafa. Imechanganyikiwa. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia Babu. "Mwalimu wa tarumbeta. Alikuwa anajaribu CD zake hapa kwangu, wateja wanacheza. Pole sana, mjukuu."

Faili la firmware yake halisi limefika kwa WhatsApp saa tisa. Ameandika chini: umeme ukikatika katikati, usinipigie tena, hata mimi sitakuwa na dawa.

Betri ya laptop ilishakufa zamani.

Alhamisi, 11 Desemba

Jana kutwa radi. Umeme ulikuja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Sikuthubutu.

Leo kumekucha na jua. Bibi alikuwa amechomeka pasi. Nikamwomba aichomoe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, nimesimama, naangalia miguu yangu.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Bibi."

Akachomoa pasi. Akachomoa na friji. Akavuta kigoda akaketi mbele ya swichi. "Haya. Fanya. Na asiingie mtu hapa."

Dakika mbili. Sijawahi kuogopa hivyo, hata kwenye mtihani wa hesabu. Ilipokwisha nikazima, nikawasha. Nikaweka CD. Kimya. Kimya tena. Halafu ikakoroma.

Nyimbo kumi na moja. Nilinakili zote kwenye flashi kabla ya kusikiliza hata moja.

Ijumaa, 12 Desemba

Wa kumi na moja ni sauti ya tatu, Babu peke yake. Mzee Kikoti alikuja na tarumbeta yake. Katikati kuna mahali wimbo unapaswa kushuka. Babu anapanda. Bibi akainua kidole. "Hapo! Hapo ndiye mwenyewe."

Mzee Kikoti alirudia mara tano. "Huu ni ufundi. Sisi tusingethubutu." Akaondoka anaupiga mluzi, na pale anapanda.

Bibi alipokwenda kulala mchana, niliacha rekodi iendelee. Kimya kirefu. Kisha kikohozi chake. Kisha: "Aa, pale katikati nimekosea tena. Nitarudia kesho."

Hakuna wa kumi na mbili.

Ningeweza kumkimbilia Mzee Kikoti. Nilikaa.

Jumapili, 14 Desemba

Jana walipiga. Kulikuwa na upepo na jua dogo. Walipofika pale, wote wengine walipunguza sauti kuiacha ya tatu ipande peke yake. Bibi alitikisa kichwa kama anayemjibu mtu.

Leo Mzee Kikoti ameomba nakala ya kuwafundishia wanafunzi. Nimempa. Nimekata sekunde za mwisho.

Zile sekunde ninazo mimi tu. Nimezisikiliza mara tatu leo. Anasema "kesho" taratibu sana.

Kama umefungua daftari hili na si mimi, nakuomba. Usimwambie Mzee Kikoti. Bibi usimwambie kabisa.