Mkia wa Protini

Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Shikamoo Mama,
Hamjambo hapo Isongole? Magoti yako yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka. Miezi mitano nafuga seli za hamira maabara. Nikizinyima chakula, zinakufa tu. Nisipopata jibu kufikia Juni, sihitimu mwaka huu. Nawaza kurudi nyumbani.
Mwanao, Alinanuswe

Isongole, 19 Machi

Marahaba mwanangu,
Tu wazima, na kanisani nafika kwa miguu. Ukirudi, kwenu ni kwenu. Ila baba yako kauliza, "Hasa anatafuta nini huko?" Nikamwambia nitakuuliza. Tueleze kwanza, kwa maneno ya kwetu.
Mama yako

Dar es Salaam, 7 Aprili

Shikamoo Mama,
Nafurahi kusikia unatembea. Mwambie baba hivi: seli ikishikwa na njaa hukusanya vitu vyake vilivyochakaa, huvifunga kwenye kifuko, huviyeyusha, ikapata chakula. Kifuko hakifungwi mpaka protini fulani ikatwe mkia. Kinachokata ni kimeng'enya, na seli zangu nimezinyang'anya hicho kimeng'enya.
Mama! Nimeandika hapo nikasimama. Je, nikizipa protini iliyokwisha kukatwa mkia? Naenda maabara.
Mwanao, Alinanuswe

Dar es Salaam, 2 Juni

Shikamoo Mama,
Hamjambo? Vifuko vimeonekana! Si vingi, lakini vipo. Nililia mbele ya hadubini. Nitautetea utafiti wangu tarehe 21. Mbona kimya?
Mwanao, Alinanuswe

Dar es Salaam, 23 Juni

Shikamoo Mama,
Kumbe mlinificha! Nainua macho ukumbini, namwona baba kavaa koti lake la kanisani. Nikasahau hata kusalimu. Nilipotua katikati ili niulizwe maswali, akasimama: "Mimi ni Ambilikile, mkulima wa viazi. Kibarua wako akiondoka, kazi yake ukaifanya wewe, na bado shamba halijakaa sawa, basi alikuwa na kazi nyingine. Huyu mkataji hana kazi ya pili?"
Mama, picha yangu iliyofuata ukutani ndiyo ilikuwa jibu! Kimeng'enya hichohicho hurudi kuibandua protini kwenye kifuko, ikatumike tena; ndiyo maana bila hicho vifuko vyangu vilikuwa vichache. Ukumbi ulicheka kwa furaha. Profesa akamuuliza, "Mzee, umesomea wapi?"
"Isongole," akasema, akaketi.
Nimefaulu, Mama. Baba yuko hapa, hataki kupanda basi mpaka azione seli zenyewe kwa macho yake. Ndaga fijo, asanteni sana.
Mwanao, Alinanuswe