Jina Lako Niliandika Mimi

Mama,

Pareto yako imechanua bila wewe. Juzi nilipanda hadi shambani kwako Dundori nikakuta maua yamefunguka mpaka karibu na boma la ng'ombe, hakuna wa kuchuma. Nilirudi Nakuru bila kushuka kwenye gari. Sikuweza.

Nimekukosea, Mama.

Unakumbuka ule mkutano wa kanisani. Watu wa maabara walikuwa wametoa jeni za pareto wakazitia kwenye hamira, ili dawa ya wadudu itoke kwenye mapipa badala ya mashamba yenu. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya kuandika mwongozo wa maadili ya kazi hiyo. Nilipigana na maprofesa mpaka wakakubali kifungu kimoja: wakulima waulizwe kwanza. Nilijiona simba. Nikakuita uje uulizwe.

Ulisimama na gambuti zako zenye matope, ukawaambia: "Hiyo hamira yenu haina watoto wa kulisha. Sisi tukiacha kuchuma, mnataka tufanye nini na hii mikono?" Watu wakacheka. Mtaalamu wao naye akacheka, akaandika kitu. Kisha karatasi ikapitishwa. Miwani ulikuwa umeiacha nyumbani. "Baba, hebu niandikie," ukasema. Uliniita hivyo maisha yako yote, kwa kuwa nina jina la baba yako. Na mimi, ninayewatukana wenzangu magazetini kwa uvivu wa kusoma, nikaandika jina lako bila kusoma kilichoandikwa juu ya ukurasa. Nilidhani ni orodha ya waliohudhuria tu. Chai ilikuwa inapoa.

Wiki tatu baada ya kukuzika, ripoti imetoka. Karatasi ile imo ndani. Juu yake imeandikwa "Walioridhia". Jina lako liko hapo, kwa mwandiko wangu. Swali lako halimo.

Nilienda ofisini kwa wale watu wa maabara. Nikapiga meza, unanijua. Msichana wa mapokezi alinisikiliza kwa upole mpaka nikaishiwa na maneno. "Pole, mzee. Lakini anayeondoa ridhaa ni mwenyewe. Mwambie aje."

Nikamwambia umekufa.

"Aki pole sana," akasema. "Basi itabaki tu hivyo."

Itabaki hivyo, Mama! Na wanachokitumia kujitetea ni kifungu changu: waliulizwa, wakakubali. Bila mimi wangekuwa wezi tu, na mwizi anaweza kufukuzwa. Mimi ndiye niliyewafanya wageni waliokaribishwa.

Nimejitoa kwenye kamati. Hakuna aliyenizuia.

Pumzika. Siwezi kukuahidi kwamba jina litafutwa, wala kwamba msimu ujao kutakuwa na mtu wa kununua ua hata moja huko juu. Siamini tena mambo hayo. Ninachoahidi ni kidogo: popote ripoti hiyo itakaposomwa nikiwepo, nitasimama niwaambie kwamba wewe hukukubali, na kwamba aliyeandika ni mimi.

Mwanao.