Yai Lililolia Darasani

Lucky Summer, Nairobi
Jumamosi

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekupa nafuu tangu mvua ziishe. Mimi sina ugonjwa, ila tangu Alhamisi sijakaa sawa.

Wiki jana niliwapa watoto wa darasa la nne jaribio. Tulikuwa tumesoma kwamba kilicho hai hula, hupumua, hukua, husogea, huhisi, hutoa uchafu na huzaana. Nikawaandikia jiwe, mbuzi, sukuma wiki na yai, wachague vilivyo hai. Kijitabu changu cha majibu kinasema yai si hai. Msichana mmoja, Njoki, akaliweka pamoja na mbuzi. Nikamkosesha alama.

Jumatatu, niliporudisha karatasi, akaja mezani. "Teacher, yai iko hai."

"Inakula nini? Umewahi kuiona ikitembea?"

Darasa likacheka. Alipozidi kusisitiza nikamwita mbishi, nikamsimamisha mbele mpaka kengele. Kesho yake hakuja shule, wala kesho kutwa yake.

Alhamisi alirudi na nyanya yake, anayefuga kuku hapa hapa mtaani. Nilidhani bibi huyo amekuja kunigombeza. Yeye alifungua tu leso kifuani, akatoa yai.

"Mwalimu, hili limelaliwa na kuku siku ishirini. Weka sikioni."

Nikaliweka, Mama, na yai likalia. Sauti nyembamba kabisa, kisha kitu kikagonga ganda kwa ndani. Nikamkabidhi Njoki. Watoto walijazana pale mbele, wakapokezana kusikiliza. "Hiyo yai inaongea," mmoja akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hata sasa najiuliza ilikuwaje. Mimi niliyelelewa katikati ya kuku wako, niliyekatazwa kila siku kutikisa mayai ya kuku anayeatamia, niliamini kijitabu nikamwaibisha mtoto aliyesema kweli.

Nilimwomba Njoki msamaha mbele ya wenzake, nikamrudishia alama yake. Mwalimu mkuu aliposikia akaniambia, "Majibu ni yale ya kitabuni. Usituchanganyie watoto." Nilimjibu kwamba nimesikia kwa sikio langu. Hajanisemesha tangu hapo.

Halafu darasani Njoki akauliza, "Na yale ya duka, teacher, yale tunakula?"

Miaka sita nafundisha, na sijawahi kusema "sijui" mbele ya wanafunzi. Siku hiyo nilisema. Walinitazama kama watu waliokutana nami mara ya kwanza.

Nisalimie Baba, na dada yangu fundi cherehani, na mjomba anayekukamulia ng'ombe. Mwambie dada kitambaa chake nimekipata.

Na wewe, Mama, ulikuwa ukijuaje mayai ya kupika na yale yaliyokwisha kuwa na mtu ndani? Miaka yote ile ulinituma niyaokote, nami sikukuuliza hata mara moja. Sasa nakuuliza.

Mwanao,
Wafula