Dumu Narudisha Tupu

Mahongole, Makambako

Kwa mume wangu Baba Edina,

Kamwene. Kabla hujasoma, kaa chini. Nakujua, Mligo akisimamisha lori lake tu utaipokea hii barua pale pale barabarani, uisome juu juu na jembe begani. Nenda nyumbani kwanza, vaa miwani, kalia kile kigoda changu. Hujambo? Kifua kinakuachia usingizi? Mama yako anakula, au bado anasema chakula hakina chumvi? Mvua ninayoiona huku naamini na huko Matembwe ipo, nami naogopa mahindi ya bondeni yamelala. Maharage umepalilia au unanisubiri? Usinisubiri.

Sisi huku tupo. Edina mzima, mkwe mzima. Mimi kidonda cha kidole cha mguu bado, ila pembeni kimeanza kukauka. Hilo nalitanguliza ili usisome ukitetemeka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Wewe unapanda kilimani kutafuta mtandao, unapiga kelele mpaka kijiji kizima kinajua habari za mguu wangu, halafu sijamaliza unasema "nimeelewa, nimeelewa", kumbe hujaelewa. Hili lazima ulielewe. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa darasa la nne. Palipopinda panyooshe mwenyewe.

Baba Edina, kukaa kumenichosha. Miezi mitatu kwa mkwe! Nikikaa barazani, yeye anazunguka mlango wa uani. Nikienda uani, anarudi barazani. Tunakwepana kutwa, mtoto wa watu anapata tabu nyumbani kwake kwa heshima yangu. Nikishika ufagio Edina ananinyang'anya, "Mama, kaa, mguu!" Nikimenya viazi ananyang'anya kisu, eti nitajikata na mimi sisikii maumivu. Nakaa. Nikikaa mawazo yanapanda. Nani anafunga mbuzi? Pale paa linapovuja juu ya kitanda umeweka nini? Treni ikipiga honi nasimama. Siendi popote, nasimama tu, kisha nakaa tena.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Mara ile uliponiuliza daktari kasemaje, nikakujibu "kasema niendelee na dawa", sikumaliza. Alisema sukari isiposhuka nitaanza sindano, na kidonda kisipofunga kidole kitaondolewa. Nilinyamaza kwa sababu najua ungeacha shamba ukaja na baridi hiyo na kifua hicho.

Tena nilikuwa nafuata masharti yote. Ugali kidogo, mboga nyingi, chai kavu isiyo na kitu, inateremka kama maji ya kuoshea sufuria. Soda siijui. Vidonge asubuhi na jioni. Na sukari inapanda! Edina akaanza kunichungulia, akafungua mpaka mkoba wangu wa kanisani kutafuta biskuti. Nililia siku ile. Nikamwambia, "Mimi nimekuzaa wewe, leo unanipekua?" Akasema, "Mama, basi sukari inatoka wapi?" Nikamuuliza Mungu. Nilimuuliza vibaya, nikamwambia nimekuimbia tangu msichana, ubaya wangu ni upi mpaka dawa zikatae kwangu tu.

Kuna mama mmoja wa kikundi cha maombi hapa mtaani, Mama Faraja, ana mdomo huyo. Akaniona nameza vidonge akasema, "Wewe mama wa Matembwe, si ulisema umemwachia Mungu? Umemwachia au umemkopesha?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini lilinichoma. Nikaona labda kweli imani yangu ndiyo ndogo. Nikaacha vidonge siku tatu. Edina nilimdanganya, natia mdomoni, naenda kutema uani. Usinigombeze, nimeshagombezwa na watu wengi.

Siku ya nne ilikuwa ya kliniki, na asubuhi hiyo nilishaanguka bombani. Maji yalikuwa yanajaa ndoo, nikaona ndoo mbili, kisha sikuona kitu. Hospitali nesi akanitoboa kidole, mashine badala ya kutoa namba ikatoa herufi. Nikamwambia, "Mwanangu, mashine yako imeharibika." Akasema, "Mama, mashine ni nzima. Ni sukari imepita pale inapoweza kusoma."

Nikawekewa dripu. Nilipopata nafuu akaja kukaa kitandani kwangu, binti mdogo, mtu wa Makete, ana uso mkavu ila ana huruma. Nikamweleza ya vidonge, maana ningeficha mpaka lini? Akatikisa kichwa. Akasema, "Hizo ni siku tatu tu. Na kabla ya hapo? Jana ulikula nini?" Nikamtajia. "Pombe unakunywa?" Nikamwambia mimi ni mama wa kanisa. "Soda? Asali? Juisi?" Hapana, hapana, hapana. Edina naye anaapa pembeni. "Sasa jana ulishushia nini?"

Nikasema, "Mtogwa tu, wa mume wangu."

"Ulanzi?"

"Si ulanzi wa pombe. Ule mpya, mtamu, wa kugemwa mwanzini asubuhi hiyo hiyo."

"Kiasi gani?"

"Dumu."

"Dumu la lita ngapi, mama?"

"Tatu. Lazima niumalize siku hiyo hiyo, ukilala unageuka mkangafu, halafu mimi nitakuwa nakunywa pombe."

Yule binti alishika mdomo. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Mama, utamu wa muwa unatoka wapi?" Nikasema kwenye muwa. "Na utamu wa mwanzi?" Edina alikuwa amekaa sakafuni kashika kichwa. Kumbe yeye mwenyewe ndiye alikuwa analipokea dumu kwa Mligo, ananiletea na kikombe!

Mara mbili kila wiki, Baba Edina, tangu mvua zianze. Kanisa lilitukataza kulewa, hakuna aliyetuambia kwamba kile kitamu nacho kina ubaya wake. Nami nilikuwa nakunywa haraka haraka nisitende dhambi.

Usinune. Nakuona unavyonuna. Najua unavyoamka umande haujakauka, unaingia mianzini na kile kisu chako, unachonga ncha kidogo kidogo, unatega zile mbeta za kukingia, unachuja inzi kwa kitambaa cheupe. Sijui nani mwingine anamfanyia mkewe hivyo. Nilipokuwa nakunywa nilikuwa nyumbani. Labda ndiyo sababu nilikuwa namaliza hata tumbo lilipokataa. Kwa hiyo asije mtu kukuambia umeniumiza. Mimi ndiye nilikuwa na kikombe.

Njiani kurudi tulipanda bajaji, Edina akaanza kucheka, na mimi nikacheka, machozi yakatoka mpaka dereva akauliza kama tumefiwa. Lakini tulipofika nilikaa peke yangu nikaona aibu mbele za Mungu. Miezi yote hii nadai ameninyima, kumbe nilikuwa naomba huku nameza. Nikamuomba radhi. Mama Faraja naye nilimwambia kwamba vidonge ninameza na kuomba ninaomba, na akitaka kunicheka anicheke nikiwa na vidole vyote. Akasema, "Haya mama, umenishinda." Kesho yake akaniletea mboga ya maboga.

Nesi aliniambia neno jingine, nalo ndilo linanikosesha raha. Alisema, "Mama, hii hutaimaliza. Utazeeka nayo." Mimi nilikuwa nahesabu kwamba ni mambo ya msimu mmoja, nitapona, nitarudi kama zamani. Siku nyingine naamka nakubali, nasema basi, tutazeeka watatu, wewe, mimi na hii sukari. Siku nyingine sikubali, naamka nina hasira hata na viatu. Bado najifunza. Sali sana kwa ajili ya hilo, kuliko la kidole.

Sasa wiki mbili zimepita sijagusa mtogwa, na mashine inatoa namba, tena inashuka. Madumu yaliyokuja baada ya hospitali Edina aliyamwaga, la mwisho nikalipokea mwenyewe kabla sijakuandikia. Sikuwa na moyo wa kulimwaga. Likakaa jikoni siku mbili, likaanza kupumua, kizibo kikaruka mpaka darini, kuku wakakimbia. Mkwe akaja kwa adabu akasema, "Mama, kama halina kazi, naweza kusaidia." Alisaidia. Jioni ile kwa mara ya kwanza alikaa barazani nami nipo, akanisimulia habari za utoto wake mpaka Edina akamvuta akalale.

Jumanne ijayo ndiyo wanaamua, kidole na sindano. Kikiwa kizuri nitaomba ruhusa nije hata kwa wiki moja, nikuonyeshe mboga za kula. Kikiwa kibaya nitakuambia mimi mwenyewe, sitakuficha tena.

Nisalimie mama mkwe, mwambie chumvi asiizidishe na yeye. Nisalimie wifi yangu anayekukamulia mbuzi, na mzee wa kanisa, na akina mama wa kwaya, wasimpe mtu nafasi yangu ya sauti ya pili.

Dumu Mligo atakupa, nimeliosha kwa maji ya moto na mchanga, limetakata. Usiweke mtogwa tena. Lakini usiliache tupu, maana Mligo akipita bila kitu changu nitahangaika. Nijazie maji ya pale chemchemi yetu chini ya mianzi, yale ya baridi yanayouma meno. Wakiniambia nichemshe nitachemsha. Nataka ninywe kitu ulichonichotea wewe, nikimalize bila hofu.

Mkeo,
Mama Edina