Homa Imeshuka, Mume Wangu Anatafuta Viatu

Mpendwa shangazi mshauri, shikamoo, nisaidie maana humu ndani sisikilizwi, mume wangu ni fundi wa kuziba pancha, alishikwa na homa kali, kichwa kikamgonga nyuma ya macho, viungo vikamuuma hata shati akawa anavishwa, zahanati wakampima wakasema ni dengue, wakampa parasetamoli na kumwambia anywe maji mengi, sasa homa imeshuka, mwili umepoa, nikashukuru, lakini leo amepiga mswaki akatema damu, tumbo linamuuma, anatapika hata chai, na bado anatafuta viatu aende kazini kwa sababu kuna lori linamsubiri, na karai lake la maji la kupimia mipira ya matairi inayovuja liko palepale limejaa tangu alipougua, haruhusu mtu aliguse, nikisema twende hospitali anasema, "Homa imeisha, unataka wanipime nini, urefu?" na mama mkwe anadakia, "Wewe bibie, unamlaza mwanangu kama mzazi wa jana," na shemeji kamletea diklofenaki za viungo, nami naogopa kuonekana namtawala mume mbele ya ndugu zake, je, ninyamaze?

Mke wa fundi

Mke wa fundi,

Usinyamaze. Nilikuambia hivyo kwa simu mara tu nilipousoma ujumbe wako. Narudia hapa kwa sababu nyumba kama yako ni nyingi.

Dengue ina hila moja: hatari inaweza kuanza pale joto linaposhuka. Mishipa midogo huvujisha maji ya damu kwenda tumboni na kifuani, damu inayobaki inakuwa nzito, presha inashuka. Chembe zinazogandisha damu nazo hupungua, ndiyo maana fizi zinavuja. Kwa nje mtu anaonekana mzima. Mumeo anaijua hali hiyo: tairi linalovuja taratibu husimama vizuri tu hadi lipakiwe mzigo.

Uliponipa niongee naye alisema, "Shangazi, mimi mzima, huyu ananizulia ugonjwa." Nikamwuliza mara ya mwisho amekojoa lini, maana mkojo ukikatika ujue damu imekosa maji. Akaanza kunieleza habari za lori. Nikamsikia mama mkwe nyuma yake: "Si umjibu!" Lori tena. Kisha yule mama akasema, "Haya, leteni hivyo viatu. Tunaenda hospitali."

Sasa yuko kwenye dripu na anaangaliwa. Shemeji azichukue dawa zake. Diklofenaki na aspirini huzidisha kutoka damu. Parasetamoli inatosha, kwa kipimo. Nawe nakulaumu kwa hili: ulipoona damu ulitakiwa kukimbilia hospitali, si kuniandikia. Gazeti halina dripu.

Limebaki karai. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji yaliyotuama kama hayo, na huuma mchana, watu wakiwa kazini. Limwage leo. Sugua kingo, maana mayai hung'ang'ania hapo hata maji yakikauka, kisha ulilaze kifudifudi. Matairi chakavu nayo yaingie chini ya paa. Kupona dengue hakumkingi na aina zake nyingine, na ya pili inaweza kuwa kali kuliko hii.

Akirudi akauliza nani kamwaga maji yake, mwambie ni shangazi.