Msahafu Uliosafiri Nasi Hadi Mombasa

Kwa Mzee Alwi,
Mtaa wa Msikitini,
S.L.P. 3318,
Kitale.

26 Aprili 2026

Mpendwa Shangazi Ladan,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, mumeo na binamu yangu Naim mkiwa salama huko Birmingham, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mama anasema ulisimama sana kazini mwezi wa Ramadhani. Je, baridi imepungua? Huku mvua imeanza, watu wanapanda mahindi, na barabara ya kwenda mjini Kwanza imejaa matrekta na matope. Sisi sote tu wazima, alhamdulillahi. Hibo ameng'oka jino la mbele na siku hizi mdogo wangu huyo hacheki mbele ya wageni.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako. Ulipopiga simu baada ya sisi kurudi, uliniuliza kama Bibi alibaki Mombasa kwa hiari yake, au Baba ndiye aliyemwacha. Baba alikuwa ameketi kando yangu na sauti yako ilisikika chumba kizima. Nilisema sijui, nawe ukakata simu. Tangu siku hiyo wewe na Baba hamjaongea. Sikukuficha kitu, Shangazi. Nilikuwa sijui kweli. Hata sasa mambo hayajanyooka kichwani mwangu, lakini nitakueleza niliyoyaona, nawe utapima, kwa maana alikuwa mama yako kabla hajawa bibi yangu.

Sababu ya kuchanganyikiwa kwangu ni hii: safari nzima nilidhani anayeachwa Mombasa ni mimi.

Mwaka huu niko Gredi ya Tisa, na nyumbani tumekuwa tukizungumza kuhusu shule nitakayokwenda mwakani. Ami Salman alimwambia Baba kwenye simu kwamba karibu na kwake Majengo, Mombasa, kuna shule nzuri ya wasichana. Baba akasema tutaona. Wiki hiyo hiyo Bibi alinunua sanduku kubwa la buluu dukani kwa Mama Sapna, akaliweka chumbani kwetu, na kila nilipoingia alilifunga. Unajua mimi na Bibi tunalala chumba kimoja tangu nilipoacha kunyonya. Hajawahi kunifungia kitu.

Hibo ndiye aliyelisema kwanza. Alikuja akakaa juu ya kitanda changu, akarukaruka kidogo kama mtu anayekinunua.

"Si uniachie hiki? Changu kinapiga kelele."

"Nikuachie niende wapi?"

"Ati hujui? Unaenda kukaa kwa Ami. Hilo sanduku la nani, kama si lako?"

Nilimwuliza nani amemwambia, akasema hakuna, ameona tu. Nikamfukuza, lakini maneno yake hayakutoka naye.

Kabla ya safari Bibi aliomba apelekwe Bungoma kumsalimia Bi Phelista, rafiki yake wa Kanduyi ambaye walikuwa wakiuza nguo pamoja siku za soko. Tulikwenda mimi, yeye na Baba. Bibi alimbebea ile sufuria yake kubwa ya pilau, ile ambayo msikiti mzima huiazima kukiwa na harusi, akamwambia ni yako sasa. Bi Phelista alilia. Mimi nilijiambia: ninayeisugua ile sufuria kila harusi ni mimi, basi Bibi ameigawa kwa kuwa hatakuwa na wa kuisugua. Unaona jinsi nilivyokuwa nikihesabu mambo, Shangazi? Kila kitu nilikielekeza kwangu.

Tulipokuwa tunarudi, treni ya mizigo ilipita, ndefu, ikielekea Malaba. Bibi akamwambia Baba asimamishe gari.

"Alwi, kwa nini tusipandie hapa?"

"Hiyo ni ya mizigo, Mama."

"Na mimi si nina mizigo?"

Baba alicheka, lakini Bibi hakuwa anatania sana. Alituambia tena jinsi alivyoletwa Kitale akiwa bibi harusi, kwa gari la moshi kutoka Mombasa hadi pale stesheni yetu ambapo sasa ng'ombe wanakula majani kati ya reli. Alisema gari la moshi ndilo lililomleta, na haliwezi kumkana. Ndipo Baba akakubali kwamba tukifika Nairobi kwa basi, kutoka pale twende kwa treni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote. Unakumbuka msahafu wa Bibi, ule wa kitambaa cha kijani unaokaa kwenye rafu juu ya mlango. Unakumbuka pia kwamba Bibi hamshikii mtu msahafu mlangoni akienda safari ya kawaida. Tukienda Eldoret au Nairobi hutuombea dua tu akiwa ameketi. Wanaopita chini ya msahafu ni wanaokwenda mbali kukaa. Wewe ulipita siku ya kwenda Uingereza. Ami Salman alipita alipohamia Mombasa. Mimi sijawahi.

Asubuhi ya safari nilitoka kutawadha nikamkuta Bibi ameuteremsha msahafu. Akaniita nikaushike mimi, nipande juu ya kigoda, niunyanyue. Wakapita Baba, Mama, Hibo, kisha yeye mwenyewe polepole, akaubusu. Halafu akaupokea akaniambia na mimi nipite. Nilipita nikiwa nimefumba macho. Nilijua, au nilidhani ninajua, kwamba wengine wamepitishwa ili nisishtuke.

Nairobi sikuiona vizuri kwa mawazo. Lakini stesheni sitaisahau. Pale abiria wote huweka mizigo yao chini kwa mstari, husimama kando, na mbwa wa askari hupita akiinusa. Bibi alipomwona mbwa alishtuka. Akamwambia yule askari, mwanangu subiri, akapiga magoti hapo sakafuni, akafungua sanduku la buluu mbele ya watu wote, akautoa msahafu na kuukumbatia. Askari alikuwa mpole. Alisema, "Shika tu, mama, haina shida." Mbwa akapita akanusa kanga za Bibi na akaendelea.

Watu walimtazama Bibi, mimi nilitazama sanduku. Ndani mlikuwa na nguo zake, si zangu. Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo. Mimi nilielewa kinyume. Nilijiuliza kwa nini msahafu usiotoka nyumbani umesafiri, na nikajijibu kwamba Bibi ameubeba ili anipitishe tena siku watakayoniacha mlangoni kwa Ami.

Ndani ya treni viti vinatazamana, kwa hiyo nusu ya watu husafiri wakiwa wametazama walikotoka. Bibi aliangukia kiti cha namna hiyo. Nilimwomba tubadilishane ili aone mbele, kwa kuwa ndiye anayekwenda kwao.

"Nilikwenda Kitale nikitazama mbele," alisema. "Kurudi niache nitazame ninapotoka."

Akakaa hivyo, msahafu mapajani. Alilalamika kwamba moshi hakuna, kwamba madirisha hayafunguki, na kwamba pale Voi hakuna aliyekuja kutuuzia mayai ya kuchemsha. Hibo aliona ndovu wekundu wa Tsavo akapiga kelele hadi abiria wa behewa zima wakasimama kuangalia. Mimi niliwaona pia. Walikuwa wazuri. Nilitamani kufurahi, Shangazi, na kwa muda mfupi nilifurahi, kisha nikakumbuka.

Mombasa ni mji mkubwa na una joto linalokukumbatia bila ruhusa. Ami alitutembeza. Tulipita chini ya yale mapembe makubwa ya ndovu ya barabarani, tukala viazi karai, tukavuka Likoni kwa feri na kurudi bila kazi yoyote, ili Hibo aseme amepanda. Siku moja Ami alipunguza mwendo mbele ya geti la shule ya wasichana, akanigeukia, akasema hapa wanasomesha vizuri. Mama akaniuliza usiku kwa nini sili.

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, nilikuwa naosha vyombo na Bibi ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, mnaniacha lini?"

"Tunakuacha wapi?"

"Hapa. Kwa Ami. Nimepita chini ya msahafu."

Akaanza kucheka mpaka mchele ukamwagika.

"Nani wa kukuacha wewe, na bado hujajua hata kupika wali usishike chini? Mimi ndiye ninayebaki, mjukuu wangu."

Nilidhani ningefurahi kusikia kwamba ninarudi nyumbani. Badala yake nilibaki na sahani mkononi, nisijue niiweke wapi. Nilikuwa nimeogopa kutenganishwa na Bibi, nikaambiwa siachwi, na bado tulikuwa tunatenganishwa.

Sasa swali lako. Baba hakumwacha. Baba alikuwa amekubali tangu Kitale, lakini kule Mombasa alikataa upya kila siku. Nilimsikia ukumbini.

"Mama, watu wa msikitini watasema nimekutupa."

"Waambie mimi ndiye niliyekutupa wewe. Watanyamaza."

Baba hakucheka. Alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hilo nakuambia kwa sababu hukuliona, na yeye hatakuambia.

Lakini kama ni hiari, hiari ya nini? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Bibi alimwambia Baba kwamba ni baridi ya Kitale inayomwingia magotini. Alimwambia Mama kwamba ni kwa ajili ya dada yake wa Kibokoni, amebaki peke yake na haoni vizuri. Alimwambia Hibo kwamba anataka kula samaki kila siku. Mimi aliniambia kwamba ameishi Kitale maisha yake yote ya utu uzima, na bado akienda sokoni mtu humwuliza, mama, wewe kwenu ni wapi? Alisema anataka kukaa mahali ambapo hataulizwa.

Kesho yake tulikwenda pamoja dukani kununua nazi. Bibi aliagiza, na kijana wa duka akamtazama akasema, "Bibi, umetoka bara, eh? Nimeskia tu unavyosema." Nilimwangalia Bibi nikiogopa ataumia. Alishika ukuta akacheka mpaka akafuta machozi. Nilimwuliza njiani kama sasa atarudi nasi. Akasema, "Hapana. Huyu nitamzoesha." Niambie, Shangazi, wewe unayeishi mbali na kwenu: sababu ya kweli ilikuwa ipi? Au mtu anaweza kuwa nazo zote?

Siku ya kuondoka nilifanya jambo ambalo sikutumwa. Treni yetu ilikuwa ya mchana na Ami alikuwa anapakia mizigo. Nilitawadha, nikautoa msahafu chini ya mto wa Bibi, nikamletea mlangoni. Niliona kwamba sasa sisi ndio tunaokwenda mbali naye, na bila shaka atataka kutupitisha. Baba alisimama, Mama akamshika Hibo mkono, tukangoja.

Bibi hakuupokea.

"Rudisha ulipoutoa," alisema. "Huo ni wa safari ndefu. Nyinyi mnakwenda Kitale tu. Shule zikifungwa Agosti, nawangoja hapa."

Akatuombea dua akiwa ameketi, kama tunaokwenda Eldoret.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo, Shangazi. Sababu yake siijui, lakini nilisimama mlangoni na msahafu mkononi, na Bibi hakutuaga kama mtu aliyetupwa. Wala hakutuaga kama mtu anayetutupa. Rafu yetu ya juu ya mlango ni tupu, na kila nikiingia ninainua macho. Hibo amehamia kitanda cha Bibi bila kuuliza na amekubali kwamba nacho kinapiga kelele. Baba huja akasimama mlangoni kwetu jioni, anauliza kama tumefunga dirisha, ingawa analiona limefungwa. Nadhani anangoja simu yako.

Barua hii atakuja nayo Aman, kaka yake Sapna, ambaye anasafiri huko wiki hii. Kesho tunafungua shule. Nimemwambia Baba nitachagua shule ya hapa karibu, Kitale au Bungoma, na likizo zote ziwe za Mombasa. Amesema tutaona. Safari hii maneno hayo hayakunitisha.

Mama anakusalimu sana. Hibo anakusalimu akiwa amefunga mdomo. Bi Phelista wa Kanduyi anauliza hali yako na anasema sufuria ataiazimisha msikitini kama zamani. Nisalimie mumeo, na umwambie Naim kwamba ndovu ni wekundu kweli kwa udongo wa Tsavo, si kwamba picha tuliyomtumia imeharibika. Mwenyezi Mungu awalinde, aupe mgongo wako nguvu, na atukutanishe sote mezani kwa Bibi tukiwa na afya.

Ukija Agosti, usipande ndege kutoka Nairobi. Njoo nasi kwa treni. Nitakuachia kiti kinachotazama mbele. Mimi nitakaa kile cha Bibi.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye daima,

Suad Alwi